Lami Isiyopakwa Dawa: Kinachowavuta Mashabiki kwenye Dragi ya Njia Inayoteleza

Ukitembea juu ya njia ya mashindano makubwa ya dragi kule Marekani muda mfupi kabla ya magari kuanza, kiatu kinaweza kung'ang'ania chini na mguu ukatoka peke yake. Sitii chumvi. Trekta limeshapita likinyunyiza gundi ya kemikali, nyuma yake ikaja mashine inayoburuta matairi na kusugua mpira juu ya gundi hiyo, tabaka juu ya tabaka, mpaka lami ikawa nyeusi ya kung'aa na kunata. Mafundi wa uwanja hupita na vifaa vya kupimia joto na mnato, hurudia sehemu isiyowaridhisha, kisha hupita tena. Kazi yote hiyo ina lengo moja: gari likipewa moto, tairi la nyuma lisiteleze hata kidogo.

Dragi yenyewe ni mchezo rahisi kuueleza. Magari mawili yanasimama sambamba, taa inawaka, yanaondoka, na la kwanza kuvuka mstari wa mwisho limeshinda. Hakuna kona wala mzunguko wa pili. Kwa miongo mingi umbali uliozoeleka ulikuwa robo maili, yaani mita 402, na mbio nyingi zimekuwa za nusu ya hapo, mita 201. Magari ya daraja la juu kabisa, yale marefu membamba yanayochoma nitromethani na kutoa nguvu farasi zipatazo 11,000, humaliza mita 305 kwa chini ya sekunde nne, yakiwa yamevuka kilomita 500 kwa saa. Yalikuwa yakikimbia robo maili kamili hadi mwaka 2008, dereva Scott Kalitta alipofariki dunia katika ajali kwenye uwanja wa Englishtown, New Jersey, ndipo umbali ukapunguzwa. Magari ya namna hiyo hayawezi kukimbia bila gundi. Nguvu zake zote zingeishia kuwa moshi wa matairi.

Sasa wapo mashabiki, tena kwa maelfu, wasioitaka gundi hiyo. Wananunua tiketi na kukaa jukwaani hadi usiku wa manane ili waone magari yenye nguvu farasi elfu mbili, elfu tatu na zaidi yakiachiwa kwenye lami tupu, lami ambayo pengine imefagiliwa mchanga tu, basi. Hakuna dawa iliyonyunyizwa, hakuna mpira uliosuguliwa. Gari linaloweza kunyanyua magurudumu ya mbele juu kwenye njia iliyoandaliwa, hapa linaweza kubaki palepale likizungusha matairi, au likaelekea ukutani, huku jirani yake mwenye injini dhaifu akiondoka taratibu na kwenda kuchukua ushindi.

Mtu asiyeufahamu mchezo huu hudhani watu hawa wanafuata vurugu na ajali. Nimeufuatilia kwa muda mrefu kupitia king'amuzi na YouTube, na sikubaliani naye. Kinachowavuta ni shaka. Ni ile hali ya kutazama magari mawili yakisogea mstarini na kutojua kabisa, hata kwa mtu anayezijua injini zote mbili kwa namba zake, nani atatoka mbele.

Ili kuielewa shaka hiyo lazima kwanza tuangalie tairi linavyofanya kazi. Tairi lililoshika lami bila kuteleza linaweza kulisukuma gari kwa nguvu kubwa ajabu. Mara tu linapoanza kuteleza, mshiko hupungua papo hapo, na dereva akiendelea kukanyaga mafuta anazidi kuharibu. Kwa hiyo katika njia isiyopakwa dawa nguvu ina kikomo, na kikomo hicho hakimo ndani ya gari. Kimo ndani ya lami: umri wake, mchanga uliopeperushwa na upepo jioni ile, joto la ardhi, unyevu wa usiku, kiraka kilichowekwa mwaka juzi kwa lami ya aina nyingine. Mwenye nguvu farasi 3,500 na mwenye 2,000 wote wanakutana na kikomo kilekile. Anayeshinda ni yule aliyekikaribia zaidi bila kukivuka.

Hesabu hiyo hufanywa na watu wawili, dereva na fundi anayeseti injini. Leo injini zinaongozwa na kompyuta, na fundi anaweza kuamua turbo ipewe presha kiasi gani katika nusu sekunde ya kwanza, iongezwe lini, na ifike kileleni gari likiwa mita ngapi kutoka lilipoanzia. Akiweka nyingi, matairi yanateleza. Akiweka kidogo, gari linaondoka kwa usalama na kuachwa. Kwenye njia yenye gundi fundi huyo ana kumbukumbu za mamia ya mikimbio ya nyuma na anajua njia itamjibu nini. Kwenye lami tupu kumbukumbu hizo zinamsaidia kidogo tu, kwa sababu njia ya leo si ya wiki iliyopita, na ya saa sita usiku si ya saa mbili.

Ndiyo maana kabla ya mashindano utaona jambo ambalo mimi hulitazama kwa hamu kuliko mbio zenyewe. Watu wanaitembelea njia. Dereva, fundi na msaidizi wao mmoja wanatoka mstari wa kuanzia wakishuka polepole, macho chini. Mmoja anasimama, anakanyaga kwa nguvu na kuzungusha soli ya kiatu, anasikiliza inavyokwaruza. Mwingine anachuchumaa, anapapasa lami kwa kiganja, anakifikicha kidole kuona kama kimeshika vumbi. Wanahamia njia ya pili na kufanya vilevile, kwa sababu huenda ya kushoto inashika zaidi mwanzoni na ya kulia inashika zaidi mbele, na kura ikiwaangukia watalazimika kuchagua. Wanaongea kwa sauti ya chini. Timu pinzani ipo hatua chache nyuma yao, nayo imeinama inakagua lami ileile.

Baadaye mmoja wao hujisimamisha karibu na mstari wa kuanzia kutazama jozi zinazotangulia. Hajali nani kashinda. Anatazama gari liliyumbia wapi, lilianza kuteleza hatua gani, matairi yaliacha alama ya namna gani. Kisha anarudi mbio kwa fundi mwenye kompyuta mapajani, wanabadilisha namba mbili tatu, na gari linasogezwa.

Mashabiki waliozoea nao hufanya kazi hiyohiyo wakiwa jukwaani. Huo ndio utamu ambao mgeni haupati siku ya kwanza. Anayekaa usiku mzima akitazama jozi baada ya jozi anaanza kuijua njia. Anajua kwamba upande wa kushoto una sehemu mbaya ya mita arobaini hivi mbele, kwamba tangu umande uanze kushuka kila aliyeondoka kwa nguvu ameteleza, kwamba yule kijana wa gari dogo ameshinda mara mbili kwa kuondoka polepole. Kufika nusu fainali shabiki ana maoni yake kuhusu namna gari fulani linavyopaswa kusetiwa, na dakika mbili baadaye anaona kama fundi aliwaza kama yeye. Michezo mingi ya magari haimpi mtazamaji nafasi hiyo. Kwenye mbio zinazoamuliwa na tofauti ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, jicho la mwanadamu halioni kilichotokea mpaka ubao utangaze.

Hapa ubao mara nyingi haujawashwa kabisa. Katika mashindano mengi ya lami isiyopakwa dawa muda wa magari hautangazwi. Taa ya mshindi inawaka upande mmoja, basi. Desturi hii imetoka kwenye mbio za visasi, zile ambazo timu mbili hutambiana na kuwekeana dau, na ambazo zimeshamiri sana katika majimbo ya kusini mwa Marekani, jamii za Wamarekani weusi zikiwa na mchango mkubwa. Mwenye gari hataki mpinzani wa kesho ajue gari lake linakwenda kwa muda gani, kwa hiyo namba zinafichwa. Kompyuta inafungwa mtu asiyejulikana akikaribia. Boneti inashushwa. Kwa mashabiki matokeo yake ni kwamba hakuna rekodi ya kusoma wala orodha ya nani anastahili kushinda. Kuna macho yako na mabishano na jirani yako.

Jambo hili si geni katika historia ya dragi, ingawa wengine wanalichukulia kama uzushi wa televisheni. Mchezo ulianzia kwenye njia ambazo hakuna aliyeziandaa. Vijana wa California walikuwa wakikimbizana kwenye sakafu ngumu za maziwa yaliyokauka tangu kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Vita vilipokwisha wakarudi nyumbani wakiwa na ufundi wa injini walioupata jeshini, wakakuta viwanja vya ndege vyenye nafasi. Mwaka 1950 mbio za kulipia kiingilio zikaanza kwenye uwanja wa ndege wa Santa Ana. Mwaka uliofuata Wally Parks alianzisha chama cha NHRA, kwa nia ya kuwatoa vijana barabarani na kuwapa sheria na mahali pa usalama, na mwaka 1955 mashindano ya kwanza ya kitaifa ya chama hicho yakafanyika Great Bend, Kansas, kwenye uwanja wa ndege pia. Lami ilikuwa lami tu. Dawa ilikuja baadaye, nguvu za injini zilipoyashinda matairi, na tangu hapo ikawa mbio za aina mbili zinazosukumana: injini inaongezwa nguvu, gundi inaongezwa unene, injini inaongezwa tena.

Wapo waliochoshwa na mwendo huo, hasa wenye viwanja vidogo vya mikoani ambao gundi na wafanyakazi wa kuipaka ni gharama nzito kwao, na madereva wa mwisho wa wiki ambao injini zao haziwezi kushindana na za matajiri kwenye njia inayonata. Kwa hao lami tupu ilikuwa ukombozi. Mwenye uwanja anafungua geti bila kununua mapipa ya dawa. Mwenye gari la nguvu farasi mia nane anajua kwamba aliye na elfu mbili hataweza kuzitumia zote.

Kilichoipeleka habari hii duniani kote ni kipindi cha televisheni. Mwaka 2013 Discovery Channel ilianza kuonyesha Street Outlaws, kilichowafuata madereva wa Oklahoma City walioweka orodha ya magari kumi yenye kasi kuliko yote mtaani kwao. Aliye nafasi ya saba anamwita wa sita, wanakutana usiku kwenye barabara iliyofungwa, mtu anasimama katikati yao na kurunzi, kurunzi inawaka, wanaondoka. Watazamaji waliwajua kwa majina yao ya mtaani: Big Chief, Murder Nova, Daddy Dave, Doc, Monza. Februari 2018 kikaja Street Outlaws: No Prep Kings, ambacho kilihamisha mapambano hayo kwenye viwanja halisi vyenye kuta, magari ya zimamoto, majukwaa na tiketi, kikizunguka jimbo hadi jimbo. Lami ikaachwa kavu kama ya mtaani. Hapo ndipo mashabiki waliokuwa wakitazama sebuleni walipopata nafasi ya kwenda wenyewe.

Na walipokwenda waliwakuta madereva wakiwa karibu. Kwenye eneo la maandalizi magari yameegeshwa boneti wazi, fundi yuko chini ya gari akibadilisha gia, mtoto amesimama mita moja kutoka kwenye tairi la nyuma lenye upana unaomshinda kukumbatia. Dereva anasaini fulana huku jicho moja liko kwa mafundi wake. Magari yenyewe yanatambulika, au angalau sura zake zinatambulika: Camaro ya mwaka 1969, Nova, Mustang, Pontiac, aina ambazo baba au babu wa shabiki alikuwa nazo uani. Chini ya bodi kuna chasisi ya mabomba na injini ya mamilioni, lakini jicho linaona gari la mtu wa kawaida.

Hakuna aliyelielewa hili vizuri kuliko wale wawili wa Street Outlaws wanaojulikana kama Farmtruck na AZN. Gari lao ni pikapu ya Chevrolet ya mwaka 1970, imechakaa, rangi imefifia, unaweza kudhani imetoka kubeba nyasi za ng'ombe. Ndani ina injini kubwa isiyolingana na sura yake. Wameijengea jina kwa kuwashinda watu waliocheka walipoiona ikija. Mashabiki wanaipenda kwa sababu inasema waziwazi kile wanachotaka kuamini kuhusu mchezo wenyewe, kwamba sura ya gari na bei yake havitoshi kumpa mtu jibu kabla taa haijawaka.

Walimpenda vilevile Lizzy Musi. Alikuwa binti wa Pat Musi, mmoja wa mafundi wa injini wanaoheshimiwa sana katika dragi ya Marekani, na alikuwa miongoni mwa wanawake wachache walioendesha magari haya mbele ya kamera. Kwenye lami isiyo na dawa gari linapoanza kuyumba dereva ana sehemu ndogo ya sekunde ya kuamua: aachie mafuta na kukanyaga tena kwa upole, au akubali kushindwa. Kuachia na kukanyaga tena, tena na tena, huku usukani ukitaka kwenda upande wake, ni kazi ya mguu na moyo. Musi aliifanya hadharani msimu baada ya msimu. Alipogunduliwa kuwa na saratani ya matiti aliendelea kuzungumza na mashabiki wake bila kuficha, na alipofariki Juni 2024 akiwa na umri wa miaka 33, waliomlilia wengi walikuwa watu ambao hawakuwahi kukutana naye ila waliwahi kumwona akilirudisha gari kwenye mstari.

Mtu anaweza kuuliza: kama njia ndiyo inayoamua, si bahati nasibu hiyo? Jibu liko kwenye kumbukumbu za mashindano yenyewe. Ryan Martin, dereva wa Oklahoma mwenye Camaro inayoitwa Fireball, ametwaa ubingwa wa msimu wa No Prep Kings zaidi ya mara moja. Kye Kelley wa Mississippi naye aliwahi kuutwaa. Bahati haichagui walewale mwaka baada ya mwaka. Kinachowatenganisha na wengine ni uwezo wa kuisoma njia mpya kila wikiendi na kuiamini hesabu yao hata inapowaambia wapunguze nguvu, jambo gumu kwa watu waliotumia maisha yao yote kuongeza nguvu. Hata hivyo hao mabingwa nao hutolewa raundi ya kwanza, mara kwa mara, na watu ambao wengi hatuwajui. Mchezo unaoruhusu yote mawili, ustadi uonekane na mkubwa aanguke, umepata kitu ambacho michezo mingi inakitafuta kwa kubadilisha sheria kila mwaka.

Kwa sisi wa Afrika Mashariki mapenzi haya hayahitaji maelezo marefu, maana tumekulia nayo. Safari Rally ilipoanza mwaka 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, umaarufu wake haukutokana na kasi. Ulitokana na barabara. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, yalimaliza magari saba tu. Timu za viwanda vya Ulaya zilikuja na magari mapya na mafundi wa kila aina, zikazama kwenye tope ambalo dereva wa hapa alikuwa akilifahamu. Joginder Singh alishinda mwaka 1965 kwa Volvo ambayo haikuwa mpya, akaja kushinda tena mwaka 1974 na 1976. Shekhar Mehta alishinda mara tano. Wazee waliosimama kando ya barabara na watoto wao mabegani walikuwa wakitazama jambo lilelile ambalo shabiki wa Oklahoma analitazama leo usiku: mtu, mashine, na ardhi ambayo haikuandaliwa kwa ajili ya yeyote kati yao. Safari iliporejea kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 pale Naivasha, madereva wa kigeni walizungumzia sana vumbi laini linalomeza magurudumu. Watazamaji wetu walikuwa wakilisubiri vumbi hilo.

Wasomaji walioko Ghuba wanaweza kuziona pande zote mbili bila kwenda mbali. Abu Dhabi ina njia ya dragi pale Yas Marina, na Bahrain na Qatar nazo zina viwanja vyao vilivyoandaliwa vizuri. Qatar iliwahi hata kudhamini timu ya Al-Anabi iliyotwaa ubingwa wa daraja la juu wa NHRA mwaka 2010, 2011 na 2013. Halafu kuna Tal Moreeb kule Liwa, kilima cha mchanga chenye urefu wa mita zipatazo 300 na mwinuko wa nyuzi 50 hivi, ambako magari hupandishwa kwa kasi kubwa na hakuna gundi inayoweza kuusaidia mchanga. Umati wa Liwa unavyonyamaza gari likikaribia kileleni na kuanza kupoteza mwendo utamwonyesha mtu ninachojaribu kukieleza hapa.

Lipo jambo zito ambalo shabiki mkweli hawezi kuliruka. Gari linaloteleza likiwa na kasi ya kilomita 250 kwa saa ni hatari, na watu wamekufa. Agosti 2022 dereva Ryan Fellows alifariki dunia wakati wa kurekodi kipindi kimojawapo cha Street Outlaws karibu na Las Vegas. Aliacha familia. Mimi siamini kwamba hatari hiyo ndiyo inayouzwa, lakini naamini waandaaji wana wajibu wa kuhakikisha kwamba pale shaka ya nani atashinda inapoongezwa, kuta, viti, mikanda, mavazi ya kuzuia moto na parachuti navyo viongezwe. Dereva anayelazimika kuachia mafuta ili asipige ukuta anapaswa kushindwa mbio tu, asipoteze kingine.

Kuhusu vijana wanaoitazama kwenye simu kisha wakaenda kuijaribu kwenye barabara za pembezoni mwa Nairobi au Dar es Salaam saa nane usiku, sina utetezi wowote kwao. Barabara ya umma haina ukuta wala gari la wagonjwa lililo tayari, na ina watu wasiojua kuwa wako mashindanoni. Televisheni ilipowatoa madereva wa Oklahoma mtaani na kuwaweka uwanjani, lami ilibaki kavu na utamu haukupungua. Hiyo inatosha kuonyesha kwamba utamu huo haukutegemea mtaa.

Fedha nazo zimeleta mabadiliko ambayo mashabiki wa zamani wanayalalamikia. Zawadi zilipokua, magari yakawa ghali, na kile kilichoanza kama kimbilio la mtu wa gereji ya nyuma ya nyumba kikaanza kufanana na michezo mingine: malori makubwa ya kubebea magari, wadhamini, mafundi wa kulipwa, injini mbili za akiba. Nayaelewa malalamiko hayo, ingawa naona yanasahau viwanja vidogo. Kwenye majimbo mengi bado kuna usiku wa lami tupu ambao hauonyeshwi popote, wenye madaraja ya matairi madogo, ambako mshindi anachukua fedha za viingilio vya wenzake na kurudi kazini Jumatatu. Televisheni imekuza sehemu moja ya mchezo. Ile nyingine inaendelea na maisha yake.

Mabishano yanayonivutia zaidi ni yale ya mashabiki wenyewe kuhusu lami yenyewe. Njia isiyopakwa dawa haibaki hivyo. Kila gari kabla ya kuondoka hupasha matairi moto kwa kuyazungusha juu ya maji kidogo, na kila gari linapoondoka huacha mpira. Kufika raundi ya tatu, mita za mwanzo zimeshakuwa nyeusi, zinashika, na mtu anaweza kudai kwamba washindani wameiandaa njia kwa matairi yao. Waandaaji wamejaribu mbinu tofauti za kuzuia hilo. Wapo waliokwangua mpira wa zamani kabla ya mashindano. Wapo walioigeuza njia, magari yakaanzia upande ambao kwa kawaida ni wa kufungia breki, ambako hakuna aliyewahi kuweka gundi wala mpira. Baadhi ya mashabiki wanataka zaidi ya hapo: njia ikwanguliwe hata katikati ya mashindano, kila raundi ianze upya.

Nimewasikiliza na nadhani wanakosea. Njia inayobadilika usiku kucha kwa matairi ya washindani, kwa umande, kwa upepo na kwa mafuta yaliyodondoka ni sehemu ya kile fundi anachopaswa kukisoma. Raundi ya kwanza inamuuliza kama anaweza kuondoka kwenye vumbi. Raundi ya tatu inamuuliza kama ameona kwamba kushoto sasa kunashika, na kama ana ujasiri wa kurudisha nguvu alizozipunguza saa mbili zilizopita. Akizirudisha mapema anateleza, akichelewa anaachwa na yule aliyeliona kabla yake. Ukiikwangua njia kila raundi unamfutia fundi huyo maswali yote isipokuwa la kwanza, na shabiki aliyekaa jukwaani tangu jua halijazama akiitazama ikibadilika unamnyang'anya kile alichokwisha kukijua.